Furaha mbele za Mungu katika mwambao wa Rumonge na Muhuta

Ukristo wa Burundi ulianzia ziwani. Mapadre Weupe waliotumwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers waliingia Ujiji Januari 1879, baada ya mwendo wa miguu kutoka Bagamoyo ambao kiongozi wao, Padre Pascal, alifia njiani. Mwaka huohuo walifuata ufuko wa Tanganyika kuelekea kaskazini hadi Rumonge, wakajenga kituo na kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Tarehe 4 Mei 1881 ugomvi juu ya mmoja wa watoto hao uliwafikisha kwenye mapigano na wenyeji wa eneo hilo, watu wa Bikari. Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao mlei, Mbelgiji Félix D'Hoop, wakauawa. Kituo kikaachwa.

Misheni za kudumu zilipoanza, zilianzia mbali na maji: Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899. Mwambao ulikuwa na homa, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwafanya Wajerumani wawahamishe watu kutoka sehemu za ufukweni. Kwa hiyo Injili ilirudi ziwani ikishuka kutoka milimani. Tarafa ya Muhuta inaonyesha vizuri umbo la njia hiyo: kituo chake, Gitaza, kipo chini, kwenye barabara inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge, ambako wavuvi wa ndagala hutoka jioni na taa na kurudi alfajiri, na nyuma yake miteremko ya Mirwa inapanda ghafla kuelekea mashamba ya juu.

Aliyetaka ubatizo wa Kikatoliki hakuupata kwa haraka. Kanuni ya Lavigerie ilidai miaka minne ya mafundisho na majaribio. Wengi huiona kanuni hiyo kama ukali mtupu, lakini subira ya miaka minne iliipa siku ya ubatizo uzito ambao hakuna sherehe nyingine ingeweza kuufikia. Mtu alikuwa ameitamani siku hiyo kwa muda mrefu kuliko anavyoyangoja mavuno yoyote.

Lugha nayo ilifanya kazi yake. Neno neema lilitoka Kiarabu, na Waswahili walikuwa wakilitumia kwa chakula na riziki kabla wahubiri hawajalichukua. Biblia ya Kirundi iliyotumiwa na Waprotestanti ilichagua ubuntu, neno la utu na ukarimu. Kitu kinachotolewa ku buntu kinatolewa bure. Msomaji wa Kirundi anapokutana na salamu za Paulo, anakutana na Mungu mkarimu anayetoa bila kudai malipo. Ni vigumu kupata tafsiri iliyo karibu zaidi na kiini cha mafundisho hayo.

Furaha ya wokovu, ile ya kuimba na kushuhudia, ilikuja na uamsho. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja; katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, na kufika Burundi kupitia vituo vya Kianglikana vya Buhiga na Matana. Mwaka 1935 Wapentekoste wa Sweden, waliokuwa tayari ng'ambo ya ziwa huko Kongo, nao walianza kazi kusini mwa Burundi. Waliookoka, abakijijwe kwa Kirundi, waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, walirudisha vitu vya wizi na kuwaendea waliowakosea. Baada ya maungamo wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, ulipanda. Mpangilio huo una maana: kicheko na wimbo vilikuja baada ya deni kulipwa na uongo kuvuliwa. Katika mikutano hiyo Mhutu, Mtutsi na Mzungu walikumbatiana kama ndugu, jambo ambalo utawala wa wakati ule haukulifundisha popote.

Undugu huo ulijaribiwa vibaya. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wengi wakauawa. Kisha jeshi likalipiza kisasi nchi nzima, na Wahutu zaidi ya 100,000 wakapoteza maisha. Makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walioanza kurudi kwa wingi mwaka 2008 walikuja na watoto waliozaliwa huko, ambao Kiswahili kiliwatoka kwa urahisi kuliko Kirundi.

Vita vya miaka ya 1990 vilileta ushuhuda ambao haupaswi kusahauliwa. Huko Buyengero, juu ya Rumonge, mapadre Waitaliano Ottorino Maule na Aldo Marchiol pamoja na mlei Catina Gubert waliuawa tarehe 30 Septemba 1995. Katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirudi kutoka mafungo ya kiroho mwezi Aprili 1997 wakiwa na furaha iliyowashangaza wenzao. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, ameeleza jinsi walivyocheza na kusali, na jinsi walivyozungumza habari za mbinguni kana kwamba ni jirani. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili watu wenye silaha waliingia mabwenini wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja, Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa, wakashikana. Walikufa 40.

Furaha ya siku zile na kukataa kwa asubuhi ile ni jambo moja. Kijana aliyekwisha kumwona mwenzake kama zawadi ya Mungu hakuwa tena na namna ya kumsukuma upande wa pili.

Mwaka 2019 maaskofu wa Burundi walifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri vijana wa Buta, wamisionari wa Buyengero, na Padre Michel Kayoya, mshairi aliyeuawa Gitega mwaka 1972. Wanafunzi wale 40 wamezikwa pamoja, kando ya kanisa la seminari yao.