Kulainika kwa spika

Kulainika kwa spika ni badiliko la sauti linalodaiwa kuipata spika mpya katika saa, siku au wiki zake za mwanzo kazini. Wapenzi wa muziki hulieleza kwa maneno tofauti: spika "imefunguka", "imezoea", besi "imeshuka". Wanaolipinga husema spika ni ileile, kilichozoea ni sikio. Vipimo vinazipa pande zote mbili haki, lakini si kwa kiasi kimoja: badiliko la spika lipo, ni dogo na humalizika mapema, ilhali zoea la msikilizaji huendelea kwa muda mrefu zaidi. Makala hii inagusa pia hali ya Bariadi na Mkoa wa Simiyu, Tanzania, kwa jumla, ambako sabufa ya sebuleni, spika za baa na horni za magari ya matangazo hufanya kazi katika vumbi na joto.

Kinachobadilika ndani ya spika

Spika nyingi za leo zinafuata muundo ulioelezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, mwaka 1925: koili ya waya ndani ya sumaku, ikisukuma koni. Koni hushikiliwa sehemu mbili. Nje kuna ukingo wa mpira, sponji au kitambaa. Nyuma, karibu na koili, kuna kitambaa chenye mikunjo kilicholoweshwa gundi na kukaushwa kwa joto. Kitambaa hiki ndicho chenye hadithi. Kinapotoka kiwandani kikiwa kikavu, gundi yake ni ngumu. Koni ikirushwa kwa nguvu mara ya kwanza, gundi hupata nyufa ndogo sana na kitambaa hulegea. Kazi hiyo huchukua dakika chache za mpigo mzito wa besi, pengine saa chache kwa spika kubwa. Haihitaji mwezi mzima, kama baadhi ya vijitabu vya kiwandani vinavyodai. Sehemu ya ulegevu huo hurudi nyuma spika ikipumzishwa.

Athari yake hupimwa kwa masafa asilia, yaani mtetemo ambao koni huupendelea yenyewe. Vigezo vinavyotumika vimetokana na kazi ya A. N. Thiele nchini Australia mwaka 1961, iliyoendelezwa na Richard Small miaka ya 1970. Tuchukue besi yenye masafa asilia ya hezi 60. Ikilegea hadi hezi 54, ulaini wa kishikilio (ukingo na kitambaa pamoja) umeongezeka kwa karibu asilimia 23, na anayeangalia namba hizo tu ataona jambo kubwa limetokea. Lakini spika haipigwi mezani, hupigwa ndani ya boksi, na hewa iliyofungiwa humo nayo ni springi. Katika boksi dogo lililozibwa, ambalo hewa yake ina ugumu mara nne ya ugumu wa kishikilio, masafa ya mfumo mzima huwa hezi 134 kabla ya kulegea na hezi 132 baadaye. Tofauti hiyo haifiki asilimia 2, na sikio la kawaida haliioni. Kadiri boksi linavyokuwa dogo ndivyo ulegevu wa kitambaa unavyomezwa na hewa.

Twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, hubadilika hata chini ya hapo, kwa kuwa kiwambo chake husogea kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Horni vivyo hivyo.

Badiliko linalosikika kweli ni la joto, nalo halidumu. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takribani asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ikipanda kwa nyuzi 100, jambo la kawaida kwa spika inayosukumwa usiku kucha, ukinzani wake huongezeka kwa asilimia 39 na sauti hushuka kwa karibu desibeli 3. Mpiga muziki huongeza sauti kufidia, koili huzidi kuchemka, na mara nyingi spika huungua kwa njia hiyo. Ikipoa salama, sauti hurudi kama ilivyokuwa.

Msikilizaji

Ubongo huzoea rangi ya sauti. Chombo chenye makali mengi leo, baada ya wiki mbili huonekana cha kawaida, na cha jirani ndicho huonekana kizito. Kumbukumbu ya sauti nayo ni fupi mno, hivyo kulinganisha spika ya leo na ilivyolia mwezi uliopita ni kulinganisha sauti na simulizi. Macho huingilia pia. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu 40 spika zilezile, zikiwa zimefichwa na pia zikionekana. Walipoziona, maoni yao yalifuata ukubwa, bei na jina la chombo.

Nafasi ya spika chumbani husahaulika. Sabufa iliyohamishwa kutoka katikati ya ukuta hadi kwenye kona hupata besi nyingi kuliko ambayo kulainika kokote kungeleta. Bati la paa nalo huongeza mitetemo yake.

Usukumani

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, makao makuu yakiwa Bariadi. Una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Wakazi wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji.

Kabla ya spika, mabishano ya nani anasikika vizuri zaidi yalikuwa ya ngoma. Vyama viwili vikuu vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinavyohusishwa na waganga Ngika na Gumha wa karne ya 19, hushindana hadi leo baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na umati huachwa uchague. Anayevuta watu wengi ameshinda. Ndiyo sababu wachezaji hutumia nyoka, vituko na dawa ya mvuto iitwayo samba. Huo ni upimaji wa wazi kabisa kuhusu kinachopimwa: si chombo, ni msikilizaji. Toole na Olive wasingeukubali, lakini Wasukuma hawakuwahi kudai vinginevyo.

Ngoma ya ngozi, kwa upande wake, hubadilika bila ubishi. Umande huilegeza, moto huikaza, na mpigaji huipasha kabla ya kuanza na tena usiku ukiendelea. Aliyekulia kwenye ngoma hana sababu ya kushangaa akiambiwa spika nayo hubadilika, ingawa kwa spika joto hushusha sauti.

Uchakavu

Baada ya saa za mwanzo, badiliko la kudumu ni la kuharibika. Ukingo wa sponji huoza na kubomoka baada ya miaka kumi hadi kumi na tano. Wa mpira hudumu zaidi. Kapasita hukauka. Vumbi la kiangazi, kali zaidi upande wa Meatu, likiingia kwenye upenyo wa sumaku hukwaruza koili na kuleta mlio wa mchanga. Boksi la mbao za kubandikwa hufumuka likinyeshewa. Fundi huweza kubadilisha ukingo au kufunga koni mpya, na hapo tena mteja husikia spika "ikifunguka".

Hali ya sasa

Kelele za spika nchini Tanzania hudhibitiwa kwa kanuni za mazingira za mwaka 2015.