Modeli Moja Haitoshi Mito Yote

Mwaka 1851 mhandisi wa Ireland, Thomas Mulvaney, alieleza jinsi ya kukadiria kilele cha mafuriko kutokana na ukali wa mvua na ukubwa wa eneo. Hesabu ya aina hiyo ingali inatumiwa kusanifu mifereji ya miji, lakini haina la kusema kuhusu maji yanayozama ardhini na kuibuka mtoni wakati wa kiangazi. Kompyuta ndizo zilizoruhusu kuyafuata. Kufikia 1966, Norman Crawford na Ray Linsley wa Stanford walikuwa wameligawa bonde katika hifadhi za maji: majanini, udongoni na chini zaidi. Masami Sugawara wa Japani alipanga matangi moja juu ya jingine, naye Sten Bergström wa Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliunda modeli ya HBV, ambayo huhesabu pia theluji. Kila modeli ilibeba sura ya mito ya kwao, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kwa sababu zilisafirishwa zikiwa nzima.

Afrika Mashariki ilikwisha kuonyesha hatari ya kuzihamisha hivyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wakiongozwa na Charles Pereira walipima mabonde madogo kadhaa. Huko Mbeya, mashamba ya miteremko mikali hayakuleta mafuriko yaliyohofiwa. Udongo wa majivu ya volkano ulifyonza mvua, na kijito cha mashambani kikatoa maji mengi kuliko cha msituni. Huko Atumatak, Karamoja, nchini Uganda, ardhi iliyoachwa wazi na mifugo iliyamwaga maji kwa kasi. Katika modeli, Mbeya inadai hifadhi kubwa ya chini. Atumatak inadai njia ya haraka ya juu. Kubadili tarakimu tu ndani ya mchoro uleule hakutoshi.

Wapo watakaosema kwamba anayeruhusiwa kuongeza matangi atalinganisha chochote na chochote. Pingamizi hilo ni zito, ila lina jibu la zamani: mwaka 1970 wanahaidrolojia Nash na Sutcliffe walishauri kuanza na umbo jepesi na kuongeza sehemu pale tu inapoboresha matokeo waziwazi. Mwenzao Vít Klemeš, mwaka 1986, alikaza kamba zaidi. Modeli ijaribiwe kwa miaka ambayo haikutumika kuiunda, na ikitayarishwa kwa miaka ya mvua ipewe ya ukame. Watafiti Fenicia, Kavetski na Savenije walipotoa mfumo wa vipande vya modeli vinavyopangika upya mwaka 2011, kila mpangilio ukawa dhana inayoweza kukataliwa na vipimo vya mto, jambo ambalo modeli isiyobadilika haiwezi kumpa mtafiti: ikishindwa, hajui ni kiungo kipi kilichokosea.