Mkoba Una Jina la Nani?



Ukiingia katika duka la mikoba ya fahari huko Paris au Milano, utakuta mkoba mmoja wa ngozi una bei inayoweza kuwalisha watu wa nyumba moja kwetu kwa muda mrefu. Ukiuliza sababu ya bei hiyo utaambiwa kuwa ni jina. Jina limepigwa muhuri juu ya ngozi, limechorwa juu ya kifungo, na limefumwa ndani ya bitana. Lakini jina hilo ni la nani? Ni la mwenye duka. Jina la fundi aliyeikata ngozi na kuishona halimo, na la yule aliyeitengeneza ngozi yenyewe mpaka ikalainika halimo kabisa.

Jambo hili halikuanza jana. Lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika mikono ya Waislamu wa Afrika. Inafaa tuijue, kwani mtu asiyejua kazi ya wazee wake huja akaiuza rahisi, kisha akainunua ghali ikiwa na jina la mwingine.

SAFARI NA VYOMBO VYAKE

Tazama kwanza maneno tunayoyatumia wenyewe. Tunasema safari, tunasema sanduku, tunasema kiriba cha maji, na wengine wetu husema shanta. Safari, sanduku na kiriba tumeyapata kwa Waarabu, na shanta asili yake ni kwa Waturuki, likatufikia kwa njia ya Kiarabu. Maneno haya yalikuja pamoja na vitu vyenyewe, kwa majahazi na kwa misafara, kwani watu wa pwani yetu walikuwa jamaa wa ulimwengu mmoja mkubwa uliokuwa ukisafiri kwa biashara, kwa elimu na kwa Hija.

Watu wa zamani walikuwa na mpango katika safari zao. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliondoka Sijilmasa, mji wa Moroko ulio kandoni mwa jangwa, mwanzo wa Muharram mwaka 753 wa Hijria, yaani Februari 1352, kwenda nchi ya Mali. Kabla ya kuondoka alinunua ngamia na chakula chao cha miezi minne. Baada ya siku 25 msafara ulifika Taghaza, kijiji cha machimbo ya chumvi, ambako kuta za nyumba zilikuwa za mawe ya chumvi na mapaa yake ya ngozi za ngamia. Hapo walijaza maji katika viriba kwa ajili ya sehemu iliyo ngumu kupita zote.

Na angalia hikima yao. Wasafiri walimwajiri mtu mmoja wa kabila la Masufa, wakampa mithqali 100 za dhahabu, atangulie peke yake mpaka mji wa Walata na barua zao. Watu wa Walata wakizipata barua hutoka mwendo wa siku nne kuwalaki wageni kwa maji, na nyumba za kupanga huwa zimekwisha kutafutwa. Mjumbe huyo akifia jangwani, watu wa Walata hawatapata khabari, na msafara mzima huenda ukaangamia.

Walipokwisha kulivuka jangwa na kuingia nchi ya Mali, Ibn Battuta aliona jambo jingine. Msafiri wa huko hakuwa akibeba chakula wala fedha. Alibeba vipande vya chumvi, shanga za vioo na viungo kidogo kama karafuu, kwa sababu kila kijiji alichopitia wanawake walimletea vyakula naye akabadilishana nao. Mfuko mdogo ulimtosha, maana nchi ilikuwa na amani na watu walikuwa na uaminifu. Ukiona leo watu wanasafiri siku mbili na masanduku matano, jiulize ni kitu gani kilichopungua.

ELIMU YA NGOZI

Viriba, mifuko, matandiko ya ngamia na vikoba vya vitabu vilikuwa vya ngozi. Wengi wetu tulisoma chuoni, katika Safinatun Najaa, kwamba ngozi ya mzoga hutoharika kwa kudabighiwa. Tulihifadhi hukumu hiyo tukiwa watoto, lakini ni wachache waliotueleza kazi yenyewe inafanywa vipi, na kwamba kazi hiyo ni elimu.

Wahausa wa Kano na Sokoto waliijua elimu hiyo barabara. Nchi yao ina mbuzi wekundu wanaojulikana mpaka leo kwa jina la Sokoto, ambao ngozi yao ni nyembamba, laini, na juu ya hayo ni imara. Fundi huiloweka ngozi katika maji ya jivu mpaka manyoya yalegee, kisha huyakwangua. Huitia tena katika maji yenye kinyesi cha ndege ili ilainike. Halafu huponda maganda ya mbegu za mgunga ambao wao huuita bagaruwa, akailoweka ngozi humo. Dawa ya maganda hayo huingia ndani ya ngozi na kuifunga, nayo haiozi tena. Mwisho huitia rangi, na rangi yao mashuhuri nyekundu huipata katika aina ya mtama. Akizidisha jivu, ngozi huharibika, na akiharakisha maganda, ngozi huwa ngumu kama ubao. Hayo hakuyapata katika kitabu, aliyapata kwa baba yake.

Kwa ngozi hiyo walishona viatu, matandiko ya farasi, mito, na kitu kimoja ambacho mimi hukipenda kuliko vyote. Misahafu ya Afrika Magharibi mara nyingi haikuwa ikishonwa. Karatasi zake ziliachwa mbali mbali, zikawekwa katika mkoba wa ngozi wenye mkanda wa kuning'iniza begani, ambao Wahausa huuita gafaka. Mwalimu alisafiri kutoka mji hadi mji na Msahafu wake ubavuni, akifika hufungua mkoba na kuwagawia wanafunzi kila mmoja karatasi yake. Basi mkoba huo ulikuwa madrasa inayotembea.

JINA LILIVYOPOTEA NJIANI

Ngozi za Kano zilipakiwa juu ya ngamia zikavuka Sahara kwenda Tarabulus na miji mingine ya kaskazini. Heinrich Barth, msafiri wa Kijerumani aliyefika Kano mwaka 1851, aliandika kuwa ngozi zilizotengenezwa hapo, pamoja na ngozi nyekundu za kondoo, zilipelekwa mpaka Tarabulus. Mafundi wa Fas nao walikuwa na kazi yao wenyewe, na mashimo yao ya kutengenezea ngozi, yale ya Chouara, yangalipo mpaka leo, yamejaa rangi kama kidau cha mchoraji.

Wazungu walizipokea ngozi hizi katika bandari za kaskazini mwa Afrika, na hawakuuliza zimetoka wapi kabla ya hapo. Wakaziita kwa jina la nchi waliyoijua, Moroko. Tangu karne ya 16 vitabu vyao vya thamani vilijalidiwa kwa ngozi ya mbuzi waliyoiita kwa jina hilo. Mpaka hivi leo Wafaransa huiita kazi ya mikoba na vikoba vya ngozi maroquinerie, na kila mwenye duka la mikoba Paris hulitamka jina la Moroko kila siku, pengine bila ya kujua. Na kabla ya Moroko ilikuwa Qurtuba ya Andalusia. Neno la Kifaransa la fundi viatu, cordonnier, asili yake ni ngozi ya Qurtuba. Mji wenyewe ulitoka katika mikono ya Waislamu mwaka 1236, lakini jina limebakia katika vinywa vya watu.

Watu wa Fas hawakuiba jina la mtu. Walikuwa mafundi wa haki, na ngozi zao wenyewe zilistahili sifa. Lakini Mhausa aliyeitaabikia ngozi yake hakujulikana ng'ambo ya jangwa. Alipata bei ya kwanza, iliyo ndogo kuliko zote, na jina akalipata aliyekuwa karibu na mnunuzi. Waingereza walipoiteka Kano mwaka 1903, na reli ilipofika huko mwaka 1911, mizigo ikageuza njia na kwenda baharini kusini. Njia ilibadilika, lakini fundi alibakia bila ya jina kama alivyokuwa.

KIJANA WA JURA

Sasa linganisha na khabari ya mtu mwingine. Louis Vuitton alizaliwa mwaka 1821 katika kijiji cha milima ya Jura, Ufaransa. Aliondoka kwao akiwa kijana mdogo, akaenda kwa miguu, na mwaka 1837 akafika Paris. Huko aliajiriwa kwa fundi wa masanduku ya safari, akajifunza kutengeneza masanduku na kupanga nguo za matajiri ndani yake zisikunjamane. Hakuanza kwa ukoo wala kwa mali. Alianza kwa mikono yake.

Mwaka 1854 alifungua duka lake. Masanduku ya zamani yalikuwa na mgongo wa duara ili maji ya mvua yateremke, lakini zama zilikuwa zimekwisha kuwa za treni na meli za moshi. Mwaka 1858 akatengeneza sanduku lenye mfuniko ulio sawa, lililovikwa turubai, jepesi, na linaloweza kupangwa moja juu ya jingine. Watu walilipenda, na waigaji wakawa wengi. Mwaka 1896, baada ya yeye kufa, mwanawe Georges alibuni nakshi yenye herufi za jina la baba yake ili watu watambue kilicho chao. Tangu hapo jina likawa mali kuliko sanduku.

Sikuelezi khabari hii ili umtukuze mtu kwa utajiri wake. Nakueleza kwa sababu alikuwa fundi kama mafundi wa Kano, asiyekuwa na kitu ila ujuzi wake, lakini alikaa pale anaponunua mnunuzi, akaandika jina lake juu ya kazi yake, na warithi wake wakalilinda. Hiyo ndiyo tofauti kubwa baina yao.

HALI YA LEO

Usidhani kuwa haya yamepita. Ngozi za Kano bado husafirishwa kwenda Italia na Hispania zikiwa zimetengenezwa nusu. Huko hukamilishwa, hukatwa, hushonwa, na mkoba hutoka na maandishi ya nchi ya Ulaya. Wala si uwongo mbele ya sheria, kwani sheria za biashara huiangalia nchi ile ambayo kazi kubwa ya mwisho imefanyika. Lakini sheria kusema kweli yake si sawa na kila mwenye haki kuipata haki yake.

Kuna la kutia moyo. Katika miaka hii wametokea mafundi vijana katika Lagos na miji mingine ya Afrika, wengi wao wanawake, ambao hawangojei kuajiriwa na kampuni kubwa. Hununua ngozi ya nchi yao, hushona mikoba wao wenyewe na watu wachache, huandika jina lao na la mji wao, na huuza moja kwa moja kwa mnunuzi. Kazi yao ni ndogo kwa hesabu, lakini wamelifahamu lile ambalo msafara wa zamani haukuwapa wazee wao nafasi ya kulifahamu.

NA SISI JE?

Sisi wa Afrika Mashariki tusijitoe. Katika karne ya 19 meli za Salem, Marekani, zilikuja Unguja kuchukua pembe na sandarusi, na pamoja navyo zikachukua ngozi. Ngozi zilikwenda, na jina la mchungaji na mchinjaji wake halikwenda nazo. Kiondo cha Wakikuyu na Wakamba kimebebwa mabegani katika miji ya Ulaya, na ni nani amjuaye mama aliyekisuka huko Machakos? Mkoba wa ukili, makubadhi ya Lamu, kofia ya vito iliyofanyiwa kazi miezi, vyote hivi tunavinunua kwa kushindana bei na fundi mpaka anaona haya, kisha tunaingia dukani na kulipa bila ya neno bei ya mkoba ulioandikwa jina la kigeni.

Kila mmoja wetu anajua namna Mtume (S.A.W.) alivyohimiza kuwa mfanya kazi apewe haki yake bila ya kucheleweshwa. Nami naona kutajwa ni sehemu ya haki hiyo. Katika elimu ya hadithi hatukubali neno mpaka tumjue aliyelipokea na aliyempokelea. Basi kwa nini katika kazi ya mikono tukubali kitu kisicho na isnadi? Ukinunua mkeka, muulize muuzaji nani kausuka. Ukipewa zawadi ya kofia, lijue jina la aliyeishona na uwaambie wanao. Na wewe fundi, andika jina lako na la mji wako pembeni mwa kazi yako, hata kwa uzi mmoja, na usiitoe kazi mbovu chini ya jina hilo.

Wazee na waalimu nao wana wajibu wao. Mtoto akipenda kushona au kutengeneza ngozi, asiambiwe kuwa hiyo ni kazi ya walioshindwa kusoma. Aliyejua kipimo cha jivu na maganda ya mgunga alikuwa msomi wa kazi yake, na alipokufa bila ya mwanafunzi, ilikuwa kama maktaba iliyoungua.

Mnajua kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), namna nduguze walivyobeba katika mizigo yao kitu wasichokijua, wakashangaa kilipofunuliwa. Sisi pia tunabeba mabegani mwetu kazi za watu tusiowajua. Tuifungue mizigo yetu, tuangalie ndani, na tumpe kila mwenye haki haki yake.

Wabillahi tawfiq.