Wati za kudumu

Pita Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme, Mtaa wa Aggrey au Likoma, utaziona spika ndefu za kusimama sakafuni zimepangwa kuanzia ndani hadi barazani. Katoni zake zimechapwa namba kubwa kuliko jina la mtengenezaji: PMPO 5,000, PMPO 12,000, na zaidi. Muuzaji huitaja namba hiyo kabla ya kutaja bei, na mnunuzi mwenye fedha ya kuhesabu huamini kwamba elfu kumi na mbili ni bora kuliko elfu tano. Namba hiyo haimsaidii chochote. Iliyo na faida kwake imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni au nyuma ya mashine, nayo hufuatwa na herufi RMS. Haina jina la Kiswahili linalotamkika dukani, kwa hiyo ni wachache wanaoiulizia.

Tuanze na wati yenyewe. Kipimo hiki kimepewa jina la James Watt, fundi wa mashine za mvuke, na kinapima kasi ya kutumia nishati. Amplifaya hupeleka umeme kwenye spika, na umeme huo hupanda na kushuka mara nyingi katika sekunde moja ukifuata wimbi la muziki. Swali ni moja: utapima wapi, kwenye ncha ya wimbi au katika wimbi zima?

Chukua amplifaya inayofika volti 20 pale juu kabisa, ikiwa imeunganishwa na spika ya omu 8. Ishirini mara ishirini ni 400. Gawanya kwa 8, unapata wati 50. Hizo ni wati za kilele, na zinakuwapo kwa kitambo kidogo mno. Ukipima wimbi lote, kupanda na kushuka kwake, nguvu inayofika kwenye spika dakika baada ya dakika ni wati 25. Mashine ni ile ile na spika ni ile ile. Anayesema 50 na anayesema 25 wote wamesema kweli, mradi kila mmoja ataje alichopima.

PMPO imeuacha ukweli huo mbali. Herufi hizo zinadai kutaja kilele cha nguvu ya muziki, lakini hakuna kiwango cha kimataifa kinachoeleza kilele hicho kipimwe kwa muda gani, sauti ikiwa imevurugika kiasi gani, au spika ngapi zijumlishwe. Viwanda hujiwekea kanuni zake, na vingine havina kanuni yoyote. Ushahidi uko ukutani nyumbani kwako. Soketi yetu ya matundu matatu imeundwa kwa ampea 13, na umeme wa Tanzania ni volti 230. Zidisha, utapata wati 2,990. Mashine inayotoa wati 12,000 kwa mfululizo ingekata fyuzi ya plagi kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Kisha igeuze mashine hiyo hiyo usome kibandiko cha nyuma: si ajabu kukuta kwamba inatumia wati 60 au 80 tu. Haiwezi kutoa kwa mfululizo zaidi ya inachopokea.

Sasa tuiite vipi namba ya kweli? Mtu akifuata herufi za RMS moja moja atafika kwenye "kipeuo cha pili cha wastani wa vipeo vya pili". Kihisabati ni sawasawa: unachukua volti za kila nukta ya wimbi, unazizidisha kwa zenyewe, unatafuta wastani wake, kisha kipeuo cha pili cha wastani huo. Katika mfano wetu volti 20 za kilele hugeuka kuwa kama volti 14.1. Lakini angalia kinachohesabiwa: ni volti. Unaweza kuhesabu ampea pia kwa njia hiyo. Ukizidisha volti hizo kwa ampea hizo, kinachopatikana ni nguvu ya wastani, basi. Kusema "wati za RMS" ni mazoea ya biashara ambayo wahandisi wenyewe hawakubaliani nayo. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, ilipotoa mwaka 1974 kanuni ya kuzuia matangazo ya kutia chumvi kwenye amplifaya, ilidai itajwe nguvu ya wastani inayotolewa kwa mfululizo, pamoja na omu za spika na kiwango cha mvurugiko wa sauti. Kwa hiyo Kiswahili kikitafsiri herufi hizo kitarithi kosa la watu. Kikitafsiri kitu chenyewe kitasema kwa usahihi zaidi.

Ninapendekeza "wati za kudumu". Nimefikiria pia "wati halisi", ila zile 50 za kilele nazo ni halisi, hazidumu tu. "Nguvu endelevu" imekwisha kutwaliwa na lugha ya mipango ya maendeleo. "Mfululizo" ni neno zuri kwa amplifaya, lakini spika nayo ina namba yake, kiasi cha nguvu inachostahimili kwa saa nyingi bila koili kuungua, na kwa maana hiyo "kudumu" inabeba pande zote mbili. Mwenzake ni "wati za kilele". Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpagazi anaijua tofauti hii mwilini: gunia analoweza kulinyanyua mara moja akalitupa, na gunia analoweza kulibeba kutwa.

Wati za kudumu peke yake hazitoshi kuchagulia spika. Iko namba ya pili, ambayo ningeiita wepesi wa spika: ukiipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake, inatoa desibeli ngapi. Kila desibeli 3 zinazopungua zinadai wati mara mbili. Spika ya desibeli 84 itahitaji wati 100 kufikia sauti ambayo ya desibeli 90 inaitoa kwa wati 25. Kwa chumba cha ghorofani Kariakoo, ambako jirani yuko upande wa pili wa ukuta, wati 25 za kudumu na spika ya desibeli 88 ni muziki wa kutosha na kubaki.

Urefu wa spika ulipiwe kwa sababu yake. Boksi kubwa lina hewa nyingi ndani, na hewa hiyo ndiyo inayoiwezesha besi kushuka chini bila kuilazimisha koni. Boksi jepesi linalotetemeka ukiligonga litaimba lenyewe badala ya muziki. Hesabu pia koni zinazofanya kazi: ziko spika zenye koni za mapambo, hazijaunganishwa na waya wowote. Spika za mtumba mara nyingi huandikwa namba zake kwa uaminifu zaidi, ila kagua sponji ya ukingo wa koni, kwa kuwa joto na unyevu wa pwani huila.

Ukiruhusiwa kujaribu, weka wimbo unaoujua vizuri. Mimi nachagua Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza mwaka 1978, kwa sababu gitaa la besi, magitaa ya solo na tarumbeta kila kimoja kina njia yake. Pandisha sauti polepole. Noti za besi zikianza kuungana kuwa mngurumo mmoja, au tarumbeta zikianza kupasuka, hapo ndipo wati za kudumu zilipoishia.

Baraza la Kiswahili la Taifa lina kazi ya kusanifu istilahi tangu lilipoundwa mwaka 1967, na Shirika la Viwango Tanzania lina kazi ya kumlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa duni. Naziomba taasisi hizi mbili zikae pamoja ili kila katoni ya spika inayouzwa nchini iwe na mstari mmoja wa Kiswahili: wati za kudumu, omu, na wepesi kwa desibeli. Nawe msomaji, usisubiri mstari huo. Ukifika dukani uliza, "Hizi wati za kudumu ni ngapi, kwenye omu ngapi?" Ukijibiwa kwa PMPO, igeuze mashine usome kibandiko cha nyuma kabla hujatoa fedha.