Tarehe ya Vyeo vya Walimu wa Judo, Kendo na Karate

Hii ni tarehe ya majina wanayopewa walimu wa sanaa za mapigano za Kijapani: sensei, shihan, renshi, kyoshi na hanshi. Leo majina haya yanasikika Dar es Salaam na Mombasa kama yanavyosikika Tokyo. Yamechorwa kwenye mabango ya kumbi za mazoezi, yamedariziwa kwenye mikanda, na mzazi anayempeleka mwanawe kujifunza karate hukutana nayo mlangoni. Anayejua yalikotoka hatayatumia ovyo, wala hatadanganywa nayo.

Jambo moja litangulie. Cheo cha ualimu katika sanaa hizi ni ushahidi. Kinasema kwamba watu fulani, wanaojulikana, wamemtazama mtu huyu kwa miaka mingi na wako tayari kumjibia. Mashahidi wakikosekana, hakuna cheo. Kila kilichobadilika katika tarehe hii kilibadilika kwa sababu shahidi wa zamani aliondoka na ikabidi atafutwe mwingine.

Zama za hati

Kabla ya 1868, Japani ilipokuwa chini ya mashogun, watawala wa kijeshi, hapakuwa na ngazi za dan wala mkanda mweusi. Kila mtindo wa upanga, wa mkuki au wa jujutsu ulijisimamia wenyewe. Mwanafunzi aliingia kwa kiapo, na mara nyingine alikithibitisha kwa alama ya damu yake. Baada ya kufundishwa muda mrefu alipewa hati ya kwanza, ambayo katika mitindo mingi iliitwa kirigami. Kisha ilifuata mokuroku, orodha ya mbinu alizokwisha kupokea. Kisha menkyo, ruhusa. Na kwa wachache sana menkyo kaiden, hati ya kushuhudia kwamba mwalimu amemkabidhi mtu huyu yote aliyokuwa nayo.

Hati hizo za juu ziliandikwa kwenye karatasi ndefu ya kukunja. Kwanza yalikuja majina ya mbinu, na mwishoni orodha ya walimu, kuanzia mwasisi wa mtindo, mmoja baada ya mwingine, hadi kwa mtoaji na mpokeaji. Msomaji aliyesoma chuoni, iwe Lamu au Unguja, ataitambua mara moja: ni ijaza. Kama shehe anavyomruhusu mwanafunzi kufundisha kitabu na kumtajia silsila ya waliokipokea kabla yake, ndivyo mwalimu wa upanga alivyomruhusu wake. Aliyetaka kujua uzito wa hati alisoma majina.

Mkuu wa mtindo aliitwa soke. Huyo alikuwa mmoja kwa kila kizazi, na cheo chake kilirithiwa na mwana wa kumzaa au mrithi aliyechaguliwa. Shihan alikuwa mwalimu wa kuigwa na wengine. Wenye vyeo hivi wengi walikula kwa watawala wa majimbo, waliowaajiri wawafundishe askari wao.

Kisha dunia yao ikaanguka. Mwaka 1868 utawala wa mashogun ulikwisha, mwaka 1871 majimbo yakavunjwa, na mwaka 1876 samurai wakakatazwa kuvaa panga hadharani. Walimu walibaki na hati zao bila mwajiri. Tangu 1873 bingwa wa upanga Sakakibara Kenkichi alikuwa amekwisha kuanzisha maonyesho ya kulipia kiingilio jijini Tokyo, ili wenzake wapate riziki. Hati zilikuwa bado za kweli, ila walioziheshimu walikuwa wametoweka.

Tokyo, 1882

Mwaka 1882 kijana msomi, Kano Jigoro, alifungua ukumbi wake kwenye hekalu la Eishoji, Tokyo. Ulikuwa wa mikeka 12 tu. Alikuwa na umri wa miaka 21, na alikuwa amejifunza mitindo miwili ya jujutsu, Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu. Mafundisho yake aliyaita judo, na ukumbi akauita Kodokan.

Kano aliona kwamba hati za zamani zilikuwa chache mno na ziliachana mno. Mwanafunzi angeweza kukaa miaka bila kujua amefika wapi. Kwa hiyo akaazima ngazi zilizokuwa zikitumiwa na wachezaji wa go, mchezo wa kete wa Kijapani, na mwaka 1883 akawapa dan ya kwanza wanafunzi wake wawili, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro. Miaka michache baadaye wenye dan walianza kufunga mkanda mweusi ili watofautishwe na wengine.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Dan ilibuniwa kwa ajili ya mwanafunzi. Inaonyesha hatua aliyofikia katika kujifunza, na hata jina la dan ya kwanza, shodan, linamaanisha hatua ya mwanzo. Kano mwenyewe hakuwa na dan yoyote hadi alipofariki mwaka 1938. Wanafunzi wake walimwita shihan, nao Kodokan wanamtaja hivyo hadi leo. Kwa hiyo anayesema, "Nina mkanda mweusi, basi mimi ni mwalimu," amechanganya ngazi ya mwanafunzi na cheo cha mwalimu, ambavyo mwasisi wa dan alivitenga.

Kyoto, 1895

Ngazi ya pili, ile ya walimu, ilizaliwa Kyoto. Mwaka 1895 mji huo uliadhimisha miaka 1,100 tangu ufanywe makao makuu ya mfalme. Hekalu la Heian lilijengwa kwa ajili ya maadhimisho hayo, na mwaka huohuo kikaundwa chama cha Dai Nippon Butoku Kai, kilichokusudia kuziokoa sanaa za zamani za vita. Mwaka 1899 chama kilijenga karibu na hekalu ukumbi mkubwa wa mbao, Butokuden, nao ungali umesimama.

Walimu wa mitindo mbalimbali walikuja Kyoto kuonyesha walichonacho mbele ya wenzao. Waliofanya vizuri walipewa cheti kilichoitwa seirensho. Mwaka 1902 chama kiliweka kanuni za vyeo viwili vya walimu, kyoshi na hanshi, na mwaka uliofuata mahanshi wa kwanza wakatajwa. Mwaka 1934 seirensho nayo ikageuzwa kuwa cheo cha tatu, renshi. Vikatimia vitatu: renshi ni aliyefuliwa akaiva, kyoshi ni mwenye kufundisha, hanshi ni kielelezo. Kwa pamoja vinaitwa shogo.

Jipya lilikuwa nini? Zamani shahidi alikuwa mwalimu mmoja wa mtindo mmoja. Sasa shahidi alikuwa baraza la walimu wa mitindo mingi, wasio na udugu wa ukumbi, walioketi Kyoto na kumtazama mtu akipambana mbele yao. Mwalimu wa upanga kutoka Kyushu aliweza kufika Hokkaido, na cheo chake kikaeleweka.

Naha, 1937

Okinawa, kisiwa chenye miji ya Naha na Shuri, ilikuwa na desturi yake. Karate ilifundishwa uani kwa mwalimu, kwa watu wachache, bila dan, bila mkanda, bila cheti. Mwanafunzi alijulikana kwa jina la aliyemfundisha, na katika kisiwa kidogo hilo lilitosha.

Halikutosha tena karate ilipovuka bahari. Funakoshi Gichin wa Shuri alikwenda Tokyo mwaka 1922 na Kano akamkaribisha aonyeshe karate Kodokan. Mwezi Aprili 1924 Funakoshi alitoa dan za kwanza za karate, kwa kufuata mpango wa Kano. Mwaka 1930 Shinzato Jin'an, mwanafunzi mkuu wa Miyagi Chojun wa Naha, alionyesha karate Tokyo kwenye mkutano wa sanaa za vita. Inasimuliwa kwamba mtu alimwuliza mtindo wake unaitwaje, naye hakuwa na jibu, kwa maana haukuwa na jina. Alirudi Naha akamweleza mwalimu wake, na hatimaye Miyagi akachagua jina la Goju-ryu.

Mwaka 1937 Butoku Kai ilimpa Miyagi cheo cha kyoshi. Alikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza wa karate kukipata. Ingetarajiwa basi kwamba naye angewagawia wanafunzi wake vyeo, lakini hadi alipofariki mwaka 1953 hakumpa hata mmoja wao dan. Waliomrithi walisimulia kwamba aliogopa watu wangeanza kupimwa kwa ngazi yao na kuachwa kupimwa kwa tabia yao. Alikubali kushuhudiwa na baraza lililomzidi, ila hakutaka kuwa yeye wa kugawa vyeo.

Vita vya Pili vya Dunia vilivunja mpango wote. Shinzato aliuawa mwaka 1945 Okinawa iliposhambuliwa. Mwaka 1946 Butoku Kai ilivunjwa kwa amri ya majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani. Miyagi alipofariki, wanafunzi wake walikuwa hawana mwalimu wa kuwashuhudia wala baraza la kwenda. Wakaunda vyama vyao, vikawa vinatoa dan na shogo vyenyewe.

Hapo ndipo chanzo cha mkanganyiko wa leo. Askari wa Kimarekani waliokaa Okinawa walijifunza karate, wakarudi kwao na vyeti, wakaanzisha vyama, vyama vikagawanyika, na kila kipande kikawa na hanshi wake. Wengine walijitwalia hata usoke wa mtindo waliouunda wenyewe, ilhali soke ni mrithi. Cheo kilibaki na jina lilelile, lakini nyuma yake huenda wakawepo wazee ishirini wa Naha, huenda akawepo mtu mmoja na mashine ya kuchapa.

Kendo ilivyojirekebisha

Watu wa kendo, sanaa ya upanga, walichukua njia nyingine. Mwaka 1952 waliunda shirikisho moja la Japani nzima na kulikabidhi dan na shogo zote. Zamani dan zilifika 10, na ni watu watano tu walioipata hiyo ya mwisho, Mochida Moriji akiwa mmojawapo. Kwa kanuni zinazotumika tangu 2000, dan zinaishia 8, na juu yake amewekwa hanshi.

Mtihani wa dan ya 8 waonyesha ushahidi unavyotafutwa. Mtahiniwa sharti awe na miaka 46 au zaidi, na awe ameishi na dan ya 7 kwa miaka 10. Kila Mei wanakusanyika Kyoto, wengi wao wakiwa na mvi, wamebandikwa namba. Kila mmoja anapambana na watu wawili, kwa dakika chache tu. Waamuzi hawahesabu nani kapiga mapigo mangapi. Wanatazama anavyosimama, anavyomsubiri mwenzake, na kama pigo lilitoka kwa wakati wake. Anayepita anaingia raundi ya pili mbele ya waamuzi wengine. Mwisho wa siku wanaofaulu ni takriban mmoja katika kila mia, na wapo wanaorudi mwaka baada ya mwaka hadi uzeeni.

Hata huyo bado si hanshi. Renshi huombewa mwenye dan ya 6, kyoshi mwenye dan ya 7, hanshi mwenye dan ya 8 aliyekaa nayo miaka mingi. Kwa renshi na kyoshi kanuni zinataka ustadi na busara. Kwa hanshi zinaongeza sharti ambalo halipo chini yake: usafi wa tabia.

Adabu ya kuyatumia

Sasa tuje kwenye matumizi, maana hapo ndipo wengi hujikwaa.

Sensei ni jina la kuitwa. Katika Japani huitwa hivyo mwalimu wa shule, daktari na mwanasheria pia, na hufuata jina la ukoo: Miyagi sensei. Mwenyewe hajiiti. Tazama mazoezi yanavyoanza. Wanafunzi wamepiga magoti mstari mmoja, mwalimu amewaelekea. Anayetamka "sensei ni rei", msalimuni mwalimu, ni mwanafunzi mkubwa aliye mwisho wa mstari. Mwalimu haagizi asalimiwe. Jina linatoka upande wa wanaofundishwa, naye hulijibu kwa kuinama.

Renshi, kyoshi na hanshi ni vyeo vya kuandikwa. Mahali pake ni kwenye cheti, kwenye orodha ya waamuzi, kwenye ratiba ya maonyesho. Hanshi mwenye miaka themanini, akiitwa na wanafunzi wake, anaitwa sensei tu. Kumwita "Hanshi" kila sentensi ni desturi iliyokua ng'ambo. Shihan naye hutajwa zaidi anapozungumzwa na wengine.

Taekwondo ya Korea ina majina yake, na hayachanganywi na haya. Mwalimu huitwa sabum. Katika shirikisho la ITF, lililoundwa mwaka 1966, jina hilo ni la dan ya 4 hadi ya 6. Wa chini yake ni boosabum, na wa dan ya 9 ni sasung. Anayefundisha taekwondo na kujiita sensei amevaa kanzu ya nyumba nyingine.

Kwetu, Goju-ryu ya Miyagi ilifika Dar es Salaam miaka ya 1970 kupitia Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha kwenye ukumbi wa Zanaki, na kutoka hapo ikaenea. Katika kumbi zetu cheo hutangulia jina la mtu: Sensei Juma, au Sempai Asha kwa mwanafunzi mkubwa. Hilo halina ubaya, ndivyo Kiswahili kinavyopanga heshima, na Mwalimu Juma ni hivyohivyo. Ubaya ni mtu kujipandisha mwenyewe, au kulipia cheo kwa watu wa mbali wasiowahi kumwona akifundisha.

Mzazi au kijana anayetafuta mwalimu ana haki ya kuuliza, na aulize kwa adabu: Nani alikupa cheo hiki? Mwaka gani? Yeye alipewa na nani? Bado mnawasiliana? Mwalimu wa kweli hataudhika. Atataja majina kwa furaha, kwa sababu ndiyo aliyopewa ayatunze, na mara nyingi atakuonyesha picha yao ukutani. Anayekasirika, au anayeanza kuhesabu dan zake badala ya kuwataja walimu wake, amekwisha kukujibu.

Nao wanaofundisha wana deni lao. Siku watakapompa mwanafunzi cheo, jina lao litasomwa pamoja na lake, na akikosea wataulizwa wao. Wasitoe cheo ambacho hawako tayari kukijibia.