Mpira wa kriketi ulivyozaa chama cha shule

CHAMA cha shule za maandalizi, IAPS, chenye makao yake Uingereza, kilizaliwa mwaka wa 1892 kutokana na hoja iliyoonekana ndogo: wavulana wachezee mpira wa kriketi wa ukubwa gani?

Shule hizo za kibinafsi huwaandaa watoto kwa masomo ya sekondari, ambayo kwa desturi huanza wakiwa na umri wa miaka 13. Walimu wakuu walikutana kuafikiana kuhusu kipimo hicho, kwani mechi baina ya shule haziwi za haki pasipo kanuni moja.

Hoja yenyewe haikuwa ya mzaha. Mpira wa wanaume ni mgumu na una uzani wa gramu 156 hadi 163. Mtoto hutatizika kuushika na kuurusha ipasavyo. Siku hizi sheria za kriketi huwatengea walio chini ya miaka 13 mpira wa gramu 133 hadi 143.

Mwaka wa 1981, chama hicho kiliungana na kile cha walimu wakuu wa kike. Hadi leo huandaa mashindano ya michezo kwa wanafunzi, wavulana kwa wasichana. Kenya pia ina shule wanachama, ikiwemo Pembroke House ya Gilgil, iliyofunguliwa mwaka wa 1927.