Mwani Mkavu: Namna ya Kuuhifadhi na Dalili za Kuharibika
Akina mama wa Kibuyuni na Mkwiro, huku Kwale, hutoka jasho baharini. Mwani usiwapotee ghalani. Mimi nasisitiza haya: uanikwe juu ya chanja, usinyeshewe. Ukikauka vyema, utiwe magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja.

Unga mweupe juu yake kwa kawaida ni chumvi. Ukitiwa maji huyeyuka. Kuvu haiyeyuki. Ukiona kuvu, mwani unateleza, gunia lina joto ndani au linanuka uozo, huo umeharibika. Utenge, usiliwe. Na tusiuchanganye na mzuri tukauza: hiyo ni ghushi, haina baraka, na mnunuzi akigundua atakiepuka kijiji kizima.